Deki ya swimingi puli Luchelele: fundi asimwage kwanza, kuna kifusi cha kuongelea

Swali la msomaji: "Habari za kazi injinia. Najenga Luchelele hapa Mwanza, mlimani kidogo, ziwa unaliona lote. Bwawa la kuogelea la mita 4 kwa 8 limeshamwagwa na kuta ziko tayari, sasa fundi anataka wiki ijayo tumwage zege la kuzunguka lote kwa mkupuo halafu tupige tailizi. Mimi niko Geita kikazi, nakuja wikiendi tu. Upande wa ziwani nataka pawe papana tukae jioni tuangalie jua linazama. Naomba mwongozo: upana gani, unene gani, nondo zipi na tailizi gani nzuri?"

Mwangaluka kaka. Kwanza mpigie fundi mwambie wiki ijayo hakuna zege. Sisemi ni fundi mbaya, simjui hata, ila umeniuliza upana, unene, nondo na tailizi, na hujagusa kitu ambacho ndo kitaamua hiyo deki, yaani hilo zege la kuzunguka bwawa, ikae miaka ishirini au ikae masika moja, nacho ni kilicholala chini yake.

Kiwanja cha mlimani Luchelele maana yake nini? Maana yake upande wa juu mmechimba mpaka mkagonga jiwe, na upande wa chini, huo wa ziwani, mmejenga ukuta wa mawe mkajaza kifusi ili mpate usawa. Sijafika kwako ila nitashangaa sana kama sivyo, Mwanza nzima tunajenga hivyo. Sasa deki yako nusu itakaa juu ya jabali ambalo halijawahi kwenda popote, nusu itakaa juu ya kifusi cha juzi, na ile nusu ya kifusi ndo hiyohiyo unayotaka iwe pana ubebeshe makochi na wageni. Kifusi kikishuka hata sentimita mbili ufa unatokea palepale jiwe linapoishia, umenyooka kama mtu kapiga kamba, na tailizi zitapasuka kufuata huo mstari, haijalishi umezinunua bei gani.

Mimi mwenyewe niliwahi kula hasara kwa hili. Ilikuwa Isamilo, hapahapa Mwanza, miaka ya nyuma, zege lilikuwa zuri, BRC, ule wavu wa waya wa ndani ya zege, ipo, kila kitu kipo, ila ile nafasi ya kuzunguka kuta za bwawa, ile mnayochimba zaidi ili mpate pa kufungia mbao, tuliirudishia kwa makoleo na toroli tukafungulia mpira wa maji usiku kucha eti kifusi kijishindilie chenyewe. Vuli ikapita salama. Masika ilipokuja, kona ya pampu ikashuka kama inchi moja, jamvi, yaani bamba la zege la deki, likalalia bomba la skima, ile inayofyonza maji ya juu ya bwawa, bomba likakatika kwenye jointi, bwawa likaanza kupungua maji kila siku na sisi tukahangaika wiki mbili tunatafuta uvujaji kwenye tailizi za ndani ya bwawa. Tukaja kuvunja deki ndo tukaona. Kuvunja na kurudia kulitoka mfukoni kwangu na sikuwa na wa kumlaumu.

Kwa hiyo wikiendi hii ukija, kabla hujavua hata viatu, chukua nondo ya milimita 12 ya urefu wa kama mita moja, tembea nayo kuzunguka bwawa ukichoma ardhi kwa nguvu za mikono tu, bila nyundo. Pale inapogoma baada ya sentimita chache pako sawa. Pale inapozama kama inaingia kwenye ugali wa moto, weka alama ya chokaa. Ukimaliza utakuwa umejichorea ramani ya matatizo yako, na naweza kubeti alama nyingi zitakuwa upande wa ziwani na ule mzingo wa nusu mita kandokando ya kuta.

Hizo sehemu za chokaa zifukuliwe zirudishiwe upya, na hapa usikubali njia ya mkato. Kifusi kiingie tabaka kwa tabaka, kila tabaka sentimita 15, zisizidi 20, linashindiliwa mpaka linagoma ndo linafuata lingine. Mashine ya kushindilia inakodishwa kwa siku, mjini zipo. Ila pale jirani kabisa na ukuta wa bwawa, kama nusu mita hivi, usiingize mashine kubwa, tumieni kishindilio cha mkono, maana mnaweza kuusukuma ukuta ambao bado hauna maji ndani ya kuusaidia. Na kama kuta hazijatimiza siku 28 tangu zimwagwe subirini kwanza. Unyevu wa kifusi unapimwa kwa kiganja: bana konzi moja, ikishikana kama tonge na ukiigonga inavunjika vipande safi, hapo ndo penyewe. Ikitoa maji imezidi, ikitawanyika kama vumbi mwagia kidogo.

Udongo wenyewe nao una majina yake. Hiyo changarawe ya mawe yaliyooza inayochimbwa milimani kwetu ni zawadi, inashindilika vizuri sana, na moram nyekundu nayo iko poa. Usikubali ule udongo mweusi wa mbuga hata ukiletewa bure kwa Fuso: ukinyeshewa unavimba, kiangazi unasinyaa mpaka unapasuka, na deki juu yake itakuwa inapumua. Hiyo ya kumwagia maji usiku kucha inasaidia kidogo kwenye mchanga mtupu, kwenye udongo wenye mfinyanzi unatengeneza tope tu. Na mawe makubwa, mabaki ya matofali, mifuko ya simenti, matawi, vyote vitoke humo, najua vibarua wanapenda kuvizika kwenye hilo shimo kwa sababu ndo jalala la karibu.

Sasa ule ukuta wa mawe wa upande wa chini. Una matundu ya kutolea maji? Kama hauna, masika maji yatajaa nyuma yake, kifusi kitalowa kama sponji, ukuta utaanza kutembea taratibu kuelekea ziwani na deki itaufuata. Vipande vya PVC vya inchi 2 kila mita moja na nusu, na nyuma ya kila tundu rundo la kokoto ili udongo usizibe. Hii ni bora ufanye sasa wakati mnafukua, ukimaliza deki haifanyiki tena bila machozi. Na upande wa juu, juu kabisa kabla ya nyumba, uwepo mtaro wa kukata maji ya mlimani yazunguke pembeni. Wewe unajua mvua za Mwanza, jabali halinywi maji, yote yanateremka, na bila huo mtaro kila mvua bwawa lako litageuka rangi ya chai ya maziwa.

Haya, upana. Mimi ningekupa mita 1.5 kwenye vichwa viwili, zile pande fupi, na upande wa nyumba, inatosha watu wawili kupishana na mtu kulala kwenye kiti bila miguu kuning'inia majini, halafu mita 3 upande wa ziwani kama roho inavyotaka. Hapo unapata mstatili wa nje wa mita 11 kwa 8.5, toa bwawa lenyewe, inabaki mita za mraba 61.5. Unene sentimita 10, yaani inchi 4, huhitaji zaidi kwa watu na viti. Zidisha, ongeza asilimia kumi ya upotevu, unazungumzia mita za ujazo kama 6.8 za zege. Kwa mchanganyiko wa simenti moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu, hiyo ni mifuko kama 55 ya simenti, mchanga mita za ujazo 3 hivi na kokoto 6. Fundi akikuletea hesabu ya mifuko 90 muulize zingine anajengea nini, akikuletea 35 uliza vilevile, tena kwa ukali zaidi.

Kwenye kuchanganya, mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo kwa ndoo za lita 20 ni ndoo mbili na nusu za mchanga na ndoo tano za kokoto zilizokaa vizuri, sio zile za kuchota kwa koleo kwa makisio ya macho. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na kama mchanga umeloa punguza. Hapa ndo mafundi wengi wanaharibu, zege likiwa zito wanafungulia mpira ili litelezee kirahisi, linapendeza siku hiyo halafu baada ya mwaka juu linachubuka unga unga, na watoto wanatembea peku hapo. Ukitaka kujua mchanga wako ni msafi chukua chupa ya maji ya kunywa, weka mchanga nusu, jaza maji, tikisa, acha usiku mmoja. Ukikuta juu ya mchanga kuna tabaka nene la tope, rudisha tripu.

Nondo: kwa jamvi la inchi 4 linalokaa juu ya ardhi iliyoshindiliwa, BRC ya waya milimita 6 matundu ya sentimita 20 inatosha kabisa, huna haja ya nondo 12 kama unajenga ghorofa. Ila ikae katikati ya unene, juu ya biskuti, vile vipande vidogo vya zege vya kuinulia, za sentimita 5. Watakwambia "bosi tutaivuta kwa ndoano wakati tunamwaga". Hawaivuti. Inabaki chini inalala kwenye udongo inaota kutu na haifanyi kazi yoyote. Na nielewe vizuri, BRC inashikilia nyufa zisifunguke, haizuii jamvi kuzama, mtu akikwambia "kifusi kibovu sio shida, tutaongeza nondo", huyo anakuuzia nondo.

Sasa jambo ambalo kwa deki ya bwawa ni la peke yake: deki isishikane na bwawa. Bwawa ni chombo kimoja, kizito, kina maji, kinakaa kivyake. Deki ni kitu kingine, inapanuka na jua la mchana na kusinyaa usiku. Ukizifunga pamoja, ukachomeka nondo za deki kwenye ukuta wa bwawa "ili ikaze", siku deki ikisogea itang'oa kopingi, zile tailizi za ukingoni, au mbaya zaidi itapasua kichwa cha ukuta. Acha nafasi ya sentimita moja hadi moja na robo kuzunguka bwawa lote, weka yale mapovu meupe yanayokuja kwenye boksi la TV kabla ya kumwaga, baadaye yanachimbuliwa juu kidogo na kujazwa silanti, ile gundi ya kuziba inayovutika. Isiwe simenti, simenti haivutiki, na fundi wa tailizi akija asiipige grauti akaifunika, nimeona hilo mara nyingi mpaka nimechoka. Nafasi hiyohiyo iwekwe pale deki inapokutana na ukuta wa nyumba, na tena pale inapokutana na kichwa cha ule ukuta wa mawe.

Ule mstari wa jiwe na kifusi nao, usishindane nao. Ufa unataka kuja hapo? Mpe nafasi yake kabisa, weka jointi ya makusudi papo hapo, iliyonyooka na yenye silanti, itaonekana ni urembo. Zege la namna hii litapasuka tu mahali fulani, sisi kazi yetu ni kuchagua mahali. Kwa hiyo gawa deki yote vipande vya kama mita 2, na lazima kila kona ya bwawa itoke mstari, maana nyufa zinapenda sana kuanzia kwenye kona za ndani. Kama mnapata mashine ya kukata, kateni kina cha sentimita 2.5 jioni hiyohiyo au asubuhi inayofuata, ukisubiri siku ya tatu ufa umeshachagua wenyewe. Kama hakuna mashine fanyeni kizamani, pigeni mbao mgawe vyumba, mwage kimoja mruke kimoja, kesho yake mjaze vilivyorukwa. Mimi binafsi kwa mafundi wa mkono naipenda zaidi hii, kwanza hamkimbizani na zege, na ile ya fundi wako ya "mkupuo" nisingeikubali kabisa.

Mteremko ni sentimita 2 kwa kila mita, maji yakimbie bwawa. Upande wa ziwani mita 3 inashuka sentimita 6, jicho halioni ila maji yanaona. Upande wa nyumba kuna mtego, maana maji yakikimbia bwawa yanaelekea mlangoni kwako, kwa hiyo katikati hapo pawekwe mfereji mwembamba wenye wavu juu, unaomwaga nje, usiunganishwe na bwawa wala na shimo la choo. Vipimo vichukuliwe kwa mpira wa kuonea, ule bomba laini lenye maji ndani la kulinganisha usawa, sio kwa pima maji ya futi mbili iliyoanguka mara mia.

Kabla ya kumwaga, kila bomba lipimwe kwa presha likae saa 24 bila kushuka, na picha zipigwe za kila bomba na tepu ya kupimia ikionekana, utanishukuru siku utakapotaka kutoboa kitu. Pitisha mabomba mawili matatu matupu ya PVC chini ya jamvi, leo hujui ya nini, kesho utataka taa, spika, bomba la bustani. Fundi umeme mwenye leseni aunganishe BRC, ngazi za chuma na nguzo zote za chuma kwenye eathi moja, na saketi za pampu na taa zipite kwenye ile breka ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja. Maji, miguu peku na umeme, hapa sitanii. Matundu ya nguzo za uzio nayo yaachwe sasa hivi, uzio wa mita 1.2 na geti linalojifunga lenyewe, umesema wikiendi tu ndo upo, siku zingine watoto wa jirani wapo.

Juu umalizie na nini? Usiweke tailizi zinazong'aa. Najua ziko dukani zinapendeza, ila zikilowa ni barafu, na mtu akianguka kwenye ukingo wa bwawa anaangukia kisogo. Bei rahisi kuliko zote na ninayoipenda mimi ni zege lenyewe kuburuzwa ufagio mgumu likiwa bado bichi, michirizi ielekee maji yanakoenda. Usipige niru, ule mpako laini wa simenti, niru ni ya sebuleni. Ukitaka uzuri zaidi kuna zege la kuosha kokoto zikatokeza, au mawe ya kwetu ya granaiti yaliyochongwa yakaachwa na ukwaru, hayo yatakaa mpaka wajukuu. Rangi iwe ya kupauka, rangi nyeusi saa nane mchana utaruka kama bisi. Na taa weka za njano hafifu, za chini, mbali na maji, kwa sababu kuna siku wale wadudu wa ziwani wanakuja kama moshi na ukiwa na taa nyeupe kali juu ya bwawa asubuhi utachota wadudu kwa ndoo.

Halafu kuna njia nyingine ambayo fundi hatakwambia kwa sababu haina zege. Kama ule upande wa ziwani kifusi ni kirefu, tuseme mita moja na nusu au zaidi, na huna uhakika kilishindiliwaje huko chini, na huna hela ya kukifukua chote, basi hapo weka pevingi, yale matofali ya zege ya kupanga chini, juu ya mchanga kwa misimu miwili ya masika. Kikishuka mahali unang'oa, unajaza, unarudisha, kazi ya siku moja. Kikishatulia ndo unamwaga zege lako kwa amani, au unagundua pevingi zimekupendeza unaziacha. Nimewashauri hivyo watu kadhaa na wengi hawakurudi kwenye zege.

Siku ya kumwaga anzeni alfajiri. Mchana upepo wa ziwa ukianza kuvuma unakausha uso wa zege kabla ndani halijashika, unaona vinyufa vidogo kama utando wa buibui ndani ya saa chache. Nailoni iwe pembeni tayari. Likishashika, magunia yaliyoloa siku 7 kamili, asubuhi na jioni, na hapa mtafute mtu wa kulipwa kwa kumwagilia tu kwa sababu wewe uko Geita na fundi akishalipwa haonekani. Silanti isubiri mwezi, zege likauke. Na bwawa likishajaa msiliache tupu masika, maji ya ardhini yakipanda yanaweza kulinyanyua kama mtumbwi, ukitaka kulisafisha lisafishe kiangazi.

La mwisho, hiyo ya "ziwa naliona lote": hakikisha uko nje ya mita 60 za ukingo wa ziwa, ndivyo sheria ya mazingira ya 2004 inavyotaka, na zipimwe kwa tepu, zisikisiwe. Watu waliojenga kwa kukisia, Mei 2020 ziwa lilipopanda mpaka kupita kiwango cha 1964 walikuta maji uani. Kibali cha Jiji nadhani unacho, kama bwawa halimo kwenye michoro liingizwe.

Ukimaliza kuchoma ile nondo nitumie picha za alama za chokaa, hasa kona ya pampu na pale deki inapokutana na ukuta wa mawe, na uniambie kifusi kina kina gani upande wa chini. Hapo ndo nitakwambia zege au pevingi.